Saa Moja ya Lamu na Saa Moja ya Kisoro

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo, tunapofika kwenye mada ya saa na majira ya siku, hujitokeza swali lile lile. Ikifika saa moja baada ya jua kutua, je, tuseme "saa moja jioni" au "saa moja usiku"? Wanafunzi hugawanyika makundi mawili, na kila kundi huwa na ushahidi wake. Wapo waliosikia "saa moja jioni" redioni na wapo waliosoma "saa moja usiku" kitabuni. Wengi hutaka mwalimu aamue papo hapo ili waandike jibu moja daftarini na mjadala ufungwe.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halijibiki kwa kutazama saa ya ukutani peke yake. Jibu lake hutegemea mahali aliposimama msemaji. Ili tulieleze jambo hili vizuri, tumechagua miji miwili midogo iliyo mbali sana, mmoja na mwingine. Wa kwanza ni Lamu, mji wa kisiwani katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Wa pili ni Kisoro, mji wa milimani katika pembe ya kusini magharibi ya Uganda. Miji hii miwili hutumia saa rasmi moja, lakini haina jua moja. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa sisi walimu wa Kiswahili wa bara kazi ya ziada ambayo vitabu vingi vya kiada havikuifikiria.

Miji miwili kwenye ramani

Lamu ipo kusini mwa ikweta kwa nyuzi 2 na kitu, na Kisoro kwa nyuzi 1 na kitu. Kwa maneno mengine, miji hii imekaa karibu kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi. Kwa kuwa yote miwili iko jirani na ikweta, mchana wake una urefu ulio karibu sawa mwaka mzima, yaani saa kumi na mbili na dakika chache. Hapana msimu ambapo mji mmoja hupata mchana mrefu na mwingine mchana mfupi. Hivyo, tofauti tunayoizungumzia hapa haitokani na kaskazini na kusini, kama ile ya nchi za Ulaya, bali inatokana na mashariki na magharibi peke yake.

Lamu iko kwenye longitudo ya nyuzi 40.9 mashariki na Kisoro iko kwenye nyuzi 29.7. Kwa mstari ulionyooka, umbali kati yake ni takriban kilomita 1,250. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24. Hii ina maana kwamba huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, na uzi mmoja kwa dakika nne. Tukizidisha tofauti ya nyuzi 11.2 kwa dakika nne, tunapata takriban dakika 45. Basi jua likishachomoza Lamu, mtu wa Kisoro atasubiri dakika 45 ndipo alione. Vivyo hivyo, likishatua Lamu, Kisoro bado ina robo tatu ya saa ya mwanga.

Hata hivyo, saa za mikononi za watu wa miji hii zinasoma namba ile ile, kwa sababu Kenya na Uganda zote hufuata Saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Washington mwezi wa Oktoba 1884 ndio ulioichagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu longitudo. Katika enzi ya ukoloni kiwango cha eneo letu kilibadilishwa zaidi ya mara moja, na kuna kipindi ambapo kilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Kiwango hicho kilikuwa kama kimeshonewa Lamu, kwani kwa wastani jua lilichomoza huko takriban saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kiwango cha sasa cha saa tatu ni cha longitudo ya 45, ambayo hupita jirani na Mogadishu. Kila mji ulio magharibi ya hapo una saa iliyolitangulia jua lake, na kadiri tunavyoelekea magharibi ndivyo pengo linavyopanuka. Lamu imetanguliwa kwa dakika 16 tu. Kisoro imetanguliwa kwa saa nzima na dakika moja.

Kwa hiyo, kwa saa za leo, jua la Lamu huchomoza kwa wastani saa kumi na mbili na robo asubuhi, na la Kisoro huchomoza saa moja kasoro dakika mbili au tatu. Tunasema "kwa wastani" kwa kuwa katika mwaka jua huwahi au huchelewa kwa takriban robo saa. Huwahi zaidi mwanzoni mwa Novemba na huchelewa zaidi katikati ya Februari. Katika Februari, jua la Kisoro huchomoza saa moja na dakika kumi hivi. Mwenyeji wa huko ataongeza kwamba hata baada ya hapo vilima vya upande wa mashariki na ukungu huendelea kulificha.

Saa za Kiswahili zinahesabu nini?

Vitabu vingi vya kufundishia wageni huanza na kanuni fupi: chukua saa ya Kiingereza, ondoa sita au ongeza sita. Kanuni hii hutoa jibu sahihi, lakini huficha maana. Mwanafunzi hubaki akidhani kwamba Kiswahili kimechukua saa ya watu wengine kikaipindua. Ukweli ni kwamba Kiswahili huhesabu kitu kingine kabisa. "Saa moja asubuhi" ni saa ya kwanza ya mchana kutimia tangu kupambazuka, na "saa moja usiku" ni saa ya kwanza ya usiku kutimia tangu jua kutua. Hesabu huanzia pale jambo linapoanza, na kila baada ya saa kumi na mbili huanza upya.

Mantiki hii haiko kwenye saa tu. Tazama majina ya miezi ya Kiislamu kama yanavyotajwa pwani. Baada ya Ramadhani kwisha na watu kufungua, mwezi unaofuata huitwa Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na kuendelea. Maulidi ya Mtume husomwa katika Mfunguo Sita. Hapa napo hesabu haianzii kwenye namba iliyopangwa mbali, inaanzia kwenye mlango uliofunguka. Tazama pia Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na Jumapili, ya pili yake. Mfumo ni ule ule: kinachohesabiwa ni muda uliopita tangu tukio ambalo kila mtu ameliona au amelishiriki.

Aidha, zingatia maneno "usiku kucha" na "mchana kutwa". Wanafunzi huyakariri kama nahau, nayo si nahau za kukariri. Kucha ni kupambazuka, na kuchwa au kutwa ni jua kuzama. "Alisafiri usiku kucha" ni kusema alisafiri usiku mpaka kukacha, na "alilima mchana kutwa" ni kusema alilima mpaka jua likatua. Humo ndimo yalimotoka macheo na machweo. Lugha yenyewe imelichukua jua kuwa mizani yake, na saa ya chuma ilipokuja iliwekwa juu ya mizani hiyo.

Siku ya Lamu

Mji wa Lamu, ambao uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una njia nyembamba zinazopitwa na watu na punda. Mchana wake hugawanywa na sauti ya mwadhini kuliko unavyogawanywa na kengele. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha ni sala tano, lakini pia ni majina ya vipande vya siku. Mtu akisema "tuonane baada ya alasiri," hana haja ya kutaja namba. Neno "magharibi" linabeba mambo matatu kwa pamoja: upande wa dunia, sala, na wakati wa jua kuzama.

Kwa desturi hiyo hiyo, siku haianzi saa sita za usiku bali huanza magharibi. Ndiyo maana wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" huwa wanakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao mtu wa bara angeuita Alhamisi usiku. Magazeti na redio zimeokoa jahazi kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mwanafunzi asiyejua tofauti hii anaweza kualikwa arusini akafika siku moja baadaye, akakuta hata majamvi yamekunjwa.

Pamoja na jua, Lamu ina saa nyingine, nayo ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, lakini hayafuati saa ya ukutani. Kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, kwa sababu yanafuata mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji makubwa. Nusu ya mwezi huleta maji mafu. Mvuvi wa kutega madema na nahodha wa kupeleka watu visiwa vya jirani hawana safari ya "kila siku saa mbili". Leo wakiondoka saa mbili na maji, kesho maji yale yale yatakuwa karibu saa tatu. Juu ya hayo, mwaka wenyewe hugawanywa na pepo mbili: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayofuata katikati ya mwaka.

Mtu wa Lamu basi huishi na saa tatu: jua, maji na saa ya mkononi. Kwa bahati njema, ya kwanza na ya tatu zinakaribiana. Ikifika saa kumi na mbili na robo asubuhi jua linatoka, na ikifika saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni linazama. Asemapo "saa moja asubuhi" kweli karibu saa moja ya mchana imepita. Kwake, Kiswahili na jua havijagombana.

Siku ya Kisoro

Kisoro iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya volkeno ya Virunga. Upande wa kusini umesimama Muhabura, wenye urefu wa mita 4,127, na pembeni yake Mgahinga na Sabinyo. Udongo wake umetokana na volkeno na una rutuba. Watu hulima viazi mbatata, maharagwe na mtama kwenye miteremko, na mawe meusi yaliyoondolewa mashambani hupangwa yakawa kuta. Asubuhi ni baridi na ukungu. Lugha ya wenyeji wengi ni Kifumbira, ndugu wa karibu wa Kinyarwanda.

Hapa hakuna maji ya kujaa na kupwa, lakini siku nayo ina majina yake ya kale. Katika Kinyarwanda, urukerera ni alfajiri. Agasusuruko ni ile sehemu ya asubuhi ambapo jua limeanza kuupasha mwili joto. Igicamunsi ni baada ya adhuhuri, akabwibwi ni giza jepesi la jioni, na igicuku ni usiku mkubwa. Agasusuruko haliwezi kupangiwa namba moja, kwani jina lenyewe linataja joto ambalo mtu hulipata ngozini. Kiswahili cha pwani nacho kina neno la kale la wakati huo huo wa asubuhi, mafungulia ng'ombe, yaani saa ya kuwatoa ng'ombe zizini. Tunawaambia wanafunzi wetu wa milimani walichukue neno hilo bila woga, maana linawafaa wao kama linavyomfaa mtu wa pwani.

Salamu pia zinasimulia wakati. "Mwaramutse" humwuliza mtu kama ameuvuka usiku salama, na "mwiriwe" humwuliza ameshindaje. Si ajabu kwamba Kiswahili cha bara kinapenda "umeamkaje" na "umeshindaje", wakati pwani husikika "sabalkheri" na "masalkheri". Zote ni salamu njema. Hatuoni sababu ya mwalimu kuzikata za bara kwa kalamu nyekundu.

Sasa tuitazame saa. Ikifika saa kumi na mbili kamili asubuhi, Lamu kuna mwanga wa kutosha kumtambua mtu njiani. Kisoro wakati huo bado ni giza, na kupambazuka kwenyewe kuko mbele kwa zaidi ya nusu saa. Mtoto anayetakiwa kufika shuleni saa moja na nusu, naye anakaa mbali, hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Mchana nao umesogea. Jua hufika utosini karibu saa saba, si saa sita. Mwalimu atakayeandika "saa sita adhuhuri" ubaoni Kisoro atakuwa ameandika jambo lisilotokea, kwa sababu huko adhuhuri ya kweli haiingii kabla ya saa saba kasoro robo siku yoyote ya mwaka. Jioni, jua hutua takriban saa moja na dakika tano. Biashara asubuhi, jioni mahesabu, walisema wahenga. Lakini asubuhi ya Kisoro huchelewa kufunguliwa, na jioni yake huongezewa muda.

Tukirudi kwenye hesabu, mtu wa Kisoro asemapo "saa moja asubuhi" hajapitiwa na saa hata moja ya mchana. Kwake namba hiyo ni mwanzo wenyewe wa mchana. Kiswahili chake ni sahihi, jua lake ni sahihi. Kilichosogea ni kiwango kilichowekwa kati yao.

Mpakani

Pengo hili linaonekana wazi zaidi kwenye mipaka. Kutoka Kisoro, mwendo mfupi unakufikisha Cyanika, mpaka wa Rwanda, na mwendo mwingine mfupi unakufikisha Bunagana, mpaka wa Kongo. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hufuata Saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko mbele ya Greenwich kwa saa mbili. Mtu akivuka Cyanika saa tatu kamili ya Uganda, upande wa pili anakuta saa mbili. Jua halikusogea, na lugha ya sokoni haikubadilika sana, lakini ameongezewa saa nzima. Akirudi jioni, saa ile ile hunyang'anywa.

Saa za Afrika ya Kati ni za longitudo ya 30, na Kigali iko karibu juu ya mstari huo. Kwa hiyo, ng'ambo ya Cyanika, jua la Virunga lile lile huchomoza takriban saa kumi na mbili kamili asubuhi, kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka. Mwanafunzi wa Musanze na mwanafunzi wa Kisoro wanaweza kuutazama mlima mmoja ukipata mwanga kwa wakati mmoja. Wa kwanza ataandika "saa kumi na mbili asubuhi" na wa pili "saa moja asubuhi", na wote wawili watakuwa wamepata.

Hali hii haikosi madhara. Mwezi wa Januari 2023 Rwanda iliusogeza mwanzo wa kazi za ofisi za serikali hadi saa tatu asubuhi, na wa masomo hadi saa mbili na nusu. Mfanyabiashara wa Kisoro mwenye shida ya karatasi Musanze hana budi kukumbuka kwamba saa tatu hiyo ni saa nne kwake. Akiahidiana na mwenzake "saa nne" bila kutaja saa ya nchi gani, mmoja wao atakaa kitako akisubiri kwa saa nzima, na viazi vitakuwa vinahesabiwa bei na mtu mwingine.

Kuna jambo moja linalotufurahisha katika mipaka hii. Kinyarwanda hutaja saa kwa maneno yaliyotoka katika Kiswahili: saa saba asubuhi ya Kiingereza huitwa "saa moya", na saa sita za mchana huitwa "saa sita". Kiamu nacho, lahaja ya Lamu, husema "moya" pale Kiswahili Sanifu kinaposema "moja", kama kinavyosema "mayi" kwa "maji". Hatudai kwamba neno hilo lilisafiri moja kwa moja kutoka Lamu hadi Virunga. Tunasema tu kwamba mwanafunzi wa milimani anayechekwa kwa kutamka "saa moya" ana wenzake wa kutosha kando ya bahari, katika mji uliotoa baadhi ya mashairi makuu ya Kiswahili.

Jioni au usiku?

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali la mwanzo. Ikifika saa moja, Lamu jua limekwisha kutua kwa kadiri ya dakika 40. Sala ya magharibi imekwisha, giza limeingia, na isha haiko mbali. Huko kusema "saa moja usiku" ni kusema kinachoonekana. Wakati huo huo Kisoro jua linagusa vilima, ng'ombe wanarudi, na mtu anaweza kusoma barua nje bila taa. Huko "saa moja jioni" ndiyo kauli ya kweli. Mtu wa Kisoro akisema "usiku" atakuwa amekiiga kitabu, hajayatazama mazingira yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa saa kumi na mbili ya upande wa pili wa siku. "Saa kumi na mbili asubuhi" inaifaa Lamu. Kwa Kisoro, "saa kumi na mbili alfajiri" ni sahihi zaidi. Namba hutolewa na saa, lakini maneno asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku hutolewa na jua. Kosa linaloturudia ni la kuyafunga maneno haya kwenye namba kana kwamba yalizaliwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kulegeza lugha, kwamba Kiswahili Sanifu sharti kiwe kimoja kila mahali. Tunauheshimu msimamo huo, na sisi wenyewe tunafundisha Usanifu. Lakini Usanifu ni wa sarufi, msamiati na tahajia. Hauwezi kuamrisha jua. Tukimwadhibu mtoto wa milimani kwa kuandika "jioni" wakati jua lingali likiangaza dirisha lake, tutakuwa tunamfundisha kwamba Kiswahili ni lugha ya mahali pengine. Katika nchi ambayo Baraza lake la Mawaziri liliamua mnamo Julai 2022 kukipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, funzo hilo ni ghali mno.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kutokana na maelezo haya, tunawapendekezea walimu wenzetu, hasa walioko sehemu za magharibi, mambo yafuatayo.

Kwanza, somo la saa lianze na lugha ya mama. Mwanafunzi wa Luganda anasema "ssaawa emu" na wa Rukiga anasema "shaaha emwe", wakikusudia ile ile saa moja ya Kiswahili. Wanafunzi hawa wanaijua hesabu hii tangu utotoni. Kuwapitisha kwanza kwenye Kiingereza, kisha kuwaambia waondoe sita, ni kumzungusha mtu nyumba nzima ilhali mlango uko mbele yake. Tunaamini kwamba "saa saba asubuhi" zinazojaa katika karatasi za mitihani zinazaliwa katika mzunguko huo.

Pili, majina ya vipande vya siku yafundishwe nje ya darasa inapowezekana. Wanafunzi waandike kwa juma moja jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapotua mahali pao, kisha wachague wenyewe neno linalofaa. Zoezi hili halihitaji kifaa zaidi ya saa ya simu.

Tatu, wafundishwe kuandika matangazo yasiyoacha shaka. "Mkutano saa mbili" ni tangazo pungufu, kwani linaweza kuwa asubuhi au usiku, na tarakimu 2 ikiandikwa peke yake yuko atakayeisoma kwa Kiingereza. Kwenye kadi ya zahanati tatizo hili si mchezo. Mgonjwa aliyeandikiwa kumeza dawa "saa 2" anaweza kuimeza saa sita kabla au baada ya wakati wake. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, na penye mpaka ongeza "kwa saa za Uganda" au "kwa saa za Rwanda".

Nne, wasahihishaji wakubali "saa moja jioni" na "saa moja usiku", "saa kumi na mbili asubuhi" na "saa kumi na mbili alfajiri", ikiwa mwanafunzi ameitumia kauli yake kwa mfululizo na mazingira ya insha yanaiunga mkono. Kisichokubalika ni insha ambayo jua linawaka katika sentensi moja na usiku umeingia katika ile inayofuata.

Hitimisho

Tumeona kwamba Lamu na Kisoro zinashiriki saa rasmi, lugha, na karibu mstari mmoja wa ramani, lakini zimetenganishwa na dakika 45 za jua. Mji wa bahari hupima siku yake kwa adhana na maji. Mji wa mlima huipima kwa ukungu, joto la jua na mifugo kurudi. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa yote mawili, ilimradi mwalimu asiyafungie kwenye jedwali la kuongeza na kuondoa sita. Tunawakaribisha wasomaji walioko Arua, Bundibugyo, Bukoba na Kigoma kupima macheo na machweo ya kwao na kuileta orodha yao idarani, ili mwaka ujao tuwe na jedwali la miji mingi la kufundishia. Ikiwa leo jioni utapata nafasi, ndugu msomaji, toka nje saa moja kamili, tazama upande wa magharibi, kisha uamue mwenyewe uiite jioni au usiku.